ASIRANSI: NUNUA KINGA, USINUNUE KARATASI



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Muislamu, somo la Ijumaa hii limetoka barabarani. Ndugu mmoja motari aliteleza kwenye matope baada ya mvua, akamgonga mama aliyekuwa akitembea pembeni na mzigo wa kuni. Mama alivunjika mguu. Motari mwenyewe aliumia bega, na pikipiki ikapinda vibaya. Mfukoni alikuwa na karatasi ya asiransi aliyoilipia, na muda wake ulikuwa haujaisha. Akaipeleka akitegemea kutengenezewa pikipiki. Akaambiwa kwamba karatasi ile haiihusu pikipiki yake wala bega lake. Kazi yake ni kumlipa yule mama. Akarudi nyumbani akisema, "Asiransi ni wizi." Wengi wakamwitikia.

Mimi sikumwitikia. Si kwamba nawatetea wenye asiransi. Wamo wanaochelewesha malipo mpaka mtu anakata tamaa, na hiyo ni dhuluma kama dhuluma nyingine. Lakini ndugu yetu huyu hakuibiwa. Alinunua kitu asichokijua, kama mtu anayemeza dawa ya minyoo akingoja imtoe malaria. Na kwa bahati mbaya hakujua hata faida aliyokuwa nayo mkononi, kwa kuwa bila karatasi ile angelipa mguu wa yule mama kwa kuuza shamba.

Basi leo tusome pamoja: asiransi ni nini, ipi inamtosha mtu wa hapa Epulu na biashara yake, wapi haifiki kabisa, na dini inasemaje. Watu wengi huanza na swali la mwisho. Mimi nimeliweka nyuma makusudi, kwa sababu asiyejua kitu ni nini hawezi kuuliza hukumu yake vizuri.

BIMA NI NINI

Kwa Kiswahili cha pwani asiransi inaitwa bima, neno lililofika huko kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi na Uajemi. Maana yake si ngumu. Watu elfu moja wana nyumba, na kila mmoja anaogopa moto. Kwa mwaka zitaungua labda nyumba mbili, lakini hakuna ajuaye ni za nani. Kila mmoja akitoa kidogo, wale wawili watajengewa. Hicho kidogo unachotoa ndiyo primu. Mkataba unaitwa polisi, na hauna uhusiano na polisi wa bariera. Ukipatwa na jambo lililoandikwa, unalipwa. Usipopatwa na kitu, primu hairudi, nawe usiihesabu kuwa hasara. Umenunua usingizi wa mwaka mzima.

Katika nchi yetu kazi hii ilikuwa mikononi mwa shirika moja tu la serikali, SONAS, lililoanzishwa 1966. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyovunja ule ukiritimba na kufungua mlango kwa makampuni mengine. Ikaundwa ARCA, mamlaka ya kuyasimamia, na kuanzia 2019 makampuni kama Activa, Rawsur na SFA yalipewa ruhusa. Nasema haya kwa sababu moja: zamani ulikuwa huna pa kuchagua, sasa unapo. Unaweza kuuliza bei mahali pawili. Na anayekuja kukuuzia asiransi unaweza kumwambia akuonyeshe ruhusa ya ARCA. Mtu mwenye haki haoni vibaya kuulizwa. Anayekasirika, mwache aende zake, maana karatasi za uongo ziko, na hazijulikani kuwa za uongo mpaka siku ya ajali.

YALE AMBAYO SHERIA INAKULAZIMISHA

Tangu 1973 sheria inamtaka kila mwenye gari au pikipiki awe na bima ya dhima yake kwa watu wengine, ambayo kwa Kifaransa cha ofisini tunaiita responsabilite sivile. Dhima, ndugu yangu, ndiyo neno la kulishika. Ukimwumiza mtu, una deni kwake. Bima hii inalibeba deni hilo kwa niaba yako. Inamlinda mwenzako dhidi ya madhara yako, na inakulinda wewe dhidi ya kufilisika kwa sababu ya mwenzako. Chombo chako hakimo.

Ukitaka chombo chako kiingie, lazima uongeze: wizi, moto, au ile kubwa inayobeba karibu yote, inayoitwa tu riske. Je, motari aongeze? Kwa maoni yangu, pikipiki iliyochakaa haistahili. Primu ya miaka michache itakaribia bei ya pikipiki yenyewe. Heri atie akiba kila wiki kwenye kasha na kuiita jina lake: fedha ya pikipiki. Lakini aliyekopa ili anunue pikipiki mpya, na deni linamngoja hata kama chombo kimeibwa, huyo afikiri tena. Na kila motari aulize swali hili kabla ya kutoa faranga: abiria ninayembeba anaingia au haingii? Na mimi dereva? Usikubali kujibiwa "usijali." Mwambie akuonyeshe mstari.

Wenye kamyo zinazotoka Uganda na Kenya wanaijua kadi ya manjano ya COMESA. Mpango huo unafanya kazi tangu 1987 na Kongo imo. Dereva akiwa nayo, dhima yake inatambulika katika nchi anayoingia bila kununua asiransi mpya kila mpaka. Lakini nayo ni dhima tu kwa watu wengine. Haigusi hata gunia moja lililoko juu ya kamyo.

Hapo ndipo wafanyabiashara wetu wengi huangukia. Unanunua bidhaa Butembo au Bunia, unampa mwenye kamyo, unamwuliza, "Gari lina asiransi?" Anakujibu ndiyo, na amesema kweli. Kamyo inalala kwenye matope ya RN4, inapinduka, sukari inaingia maji, sabuni inaibwa usiku. Unakwenda kudai. Hakuna kitu. Asiransi ya gari siyo asiransi ya mzigo. Mzigo una bima yake, ya mali inayosafirishwa, na inayeyaweza kuinunua ni wewe mwenye mali au msafirishaji kwa jina lako. Kama mzigo wako ni mdogo na hakuna wa kukuandikia bima ya safari moja, basi gawa. Usipakie mtaji wote kwenye kamyo moja. Wazee wetu wa biashara walilijua hili kabla ya kampuni yoyote kufungua ofisi: nusu leo, nusu wiki ijayo, kwa dereva mwingine.

KIASI GANI KINATOSHA

Hili ndilo swali la leo hasa, na ndilo watu wanaloliruka. Wengi wanachagua asiransi kwa kuangalia primu ipi ni ndogo. Wewe anza upande mwingine. Chukua karatasi baada ya Isha, watoto wakilala. Andika upande mmoja mambo yanayoweza kukuumiza: simu kuibwa, kioo kuvunjika, gunia moja la mchele kuoza. Upande wa pili andika mambo yanayoweza kukumaliza: depo kuungua lote, kugonga mtu na kumtia kilema, wewe mwenyewe kufa na deni likabaki kwa mke na watoto. Yale ya kwanza yabebe mwenyewe kwa akiba. Yale ya pili usiyabebe peke yako.

Mtu mwenye faranga chache hukosea hapa kinyume kabisa. Atalipia bima ya simu kwa kuwa ameona simu zikiibwa, na atauacha uhai wake na depo lake wazi kwa kuwa hajaona likiungua.

Sasa nikupe hesabu, na uifuate kwa kidole. Tuseme una depo la kakao. Ndani mna mali ya dola 20,000. Ili primu ipungue, unaandikisha dola 10,000 na kujiambia, "Moto hauwezi kula yote." Moto unakuja, watu wanauzima mapema, umekula mali ya dola 6,000. Wewe unafurahi: 6,000 iko chini ya 10,000, basi nitalipwa yote. Hapana. Kampuni itasema: uliandikisha nusu ya mali yako, kwa hiyo wewe mwenyewe ni mwenye bima ya ile nusu nyingine, tunalipa nusu ya hasara. Utapata 3,000. Inaitwa kanuni ya uwiano, na iko katika mikataba mingi ya moto. Halafu kuna kitu kinaitwa franshizi, sehemu ya kwanza ya hasara ambayo unakubali kuibeba mwenyewe. Kama franshizi ni dola 500, mkononi utapokea 2,500. Mtu anayetegemea 6,000 akipewa 2,500 atasema ameibiwa. Kumbe alijiibia siku ya kutia sahihi.

Na kakao ina jambo lake. Depo lenye magunia kumi kabla ya mavuno, baada ya mavuno lina magunia mia. Ukiandikisha thamani ya miezi mikavu, moto wa msimu utakukuta nusu uchi. Andikisha kiasi cha juu kabisa unachofikia kwa mwaka, au patana na kampuni kwamba utawaarifu mali inapopanda, na upate mapatano hayo kwa maandishi.

Kinyume chake pia hakifai. Ukiandikisha dola 40,000 kwa mali ya 20,000, au ukaandikisha mali ile ile kwa makampuni mawili, hutalipwa mara mbili. Bima ya mali inakurudisha ulipokuwa, haikupandishi. Na kama ungelipwa zaidi ya ulichopoteza, shetani angekuwa na kazi rahisi sana kwenye depo lako usiku wa manane.

Kuhusu franshizi, watu wanaikimbia. Mimi nawaambia wafanyabiashara waifikirie kama rafiki. Ukikubali kubeba hasara ndogo mwenyewe, primu hushuka, na fedha iliyobaki unaweza kuitumia kuinua kiwango cha hasara kubwa. Ni afadhali kinga yenye tundu dogo chini na paa zima, kuliko kuta nzuri na paa lililo wazi.

Jambo jingine: sema kweli unapojaza fomu. Wangapi hapa wana butiki mbele na nyuma wanaweka mafuta ya kuuza kwa chupa? Wangapi wana paa la bati mbele na jiko la majani limeegemea ukuta wa nyuma? Ukiandika "butiki ya nguo" na kumbe ndani mna petroli, siku ya moto mchunguzi atakuja, ataona, na polisi yako itakuwa karatasi ya kufungia karanga. Na kabla ya sheria ya serikali, huo ni uongo katika mauzo, na hukumu yake unaijua.

Mwisho wa jambo hili: tarehe. Kila mkataba unataja siku chache za kutoa taarifa baada ya ajali, moto au wizi. Soma ni ngapi. Kutoka Epulu kwenda Bunia, kupita Mambasa na Komanda, mvua ikinyesha, siku hizo zinaweza kuishia njiani. Muulize anayekuuzia kama taarifa kwa simu inakubalika, na uweke kopi za risiti na za polisi nyumba nyingine, siyo ndani ya butiki ile ile itakayoungua. Wenye simu wapige picha, wamtumie ndugu wa mji mwingine.

MTU NA JAMAA YAKE

Tumezungumza mali. Mwenye mali je?

Anayeajiriwa, iwe kwenye hifadhi, kwenye shirika au kwenye kampuni, aulize kama mwajiri amemwandikisha CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS baada ya sheria ya Julai 2016. Humo mna pensheni, msaada wa jamaa na ajali za kazini. Wengi wanakatwa na hawana nambari. Omba nambari. Na wewe mwenye butiki uliyeweka kijana wa kukuuzia, usicheke; kijana huyo ni mfanyakazi wako. Akianguka kutoka ngazi akipanga maboksi yako, matibabu yake yako shingoni mwako, na sheria inakutaka umwandikishe.

Ukichukua mkopo, uliza: nikifa, deni linakwenda wapi? Mara nyingi taasisi za mikopo huongeza bima ya kifo, na primu yake imeshakatwa ndani ya fedha uliyopewa bila wewe kuona. Mjane asiyejua hili huendelea kulipa deni ambalo bima ingelilipa. Mwambie mke wako. Mwonyeshe karatasi ziko wapi. Hakuna aibu katika hilo, na wala hakuharakishi kufa.

Na kuna hili la jina la mfaidika. Mkataba wa bima ya maisha unauliza fedha apewe nani. Mtu anaandika jina la kaka yake mkubwa kwa kuwa ndiye ajuaye Kifaransa. Akifa, kaka anapokea, na yatima wanasikia habari tu. Ndugu yangu, katika dini yetu mirathi ina wenyewe na mafungu yake yamekwisha kupangwa. Wanazuoni wengi waliozungumza juu ya jambo hili wanamhesabu aliyeandikwa kuwa mwaminifu wa kupokea na kuwafikishia warithi, siyo mwenye kula. Basi andika wasia pembeni, mbele ya mashahidi wawili, useme hivyo waziwazi. Usiliache kwa uaminifu wa mtu ambaye hajajaribiwa na dola elfu tano.

PASIPOFIKA ASIRANSI

Tusidanganyane. Hapa ni Ituri. Fungua polisi ya moto au ya wizi, nenda nyuma kwenye maandishi madogo, utakuta orodha ya yasiyolipwa. Vita, uasi, ghasia na uporaji wa makundi yenye silaha huwa wa kwanza humo.

Tarehe 24 Juni 2012, siku ya Jumapili, Mai-Mai wa Morgan waliingia Epulu. Wakaua watu, wakiwemo walinzi wa ICCN, wakachoma, wakapora, wakachukua wanawake na mabinti. Okapi waliokuwa kituoni, 14 kwa idadi, wakaisha wote. Waliokuwapo hawahitaji kusimuliwa na karatasi hii. Nataja kwa ajili ya somo moja tu: hata mtu ambaye siku ile angekuwa na polisi ya moto na wizi iliyolipiwa mpaka faranga ya mwisho, kampuni ingemwonyesha ule mstari wa vita. Kinga ya vita ipo duniani, inauzwa mbali na kwa bei ya wakubwa. Mwenye butiki wa hapa haitamfikia.

Kwa hiyo mtu wa Epulu anayetafuta kinga ya kutosha hawezi kusimama kwenye asiransi peke yake. Asiweke mtaji wote katika mji mmoja. Sehemu ya akiba ilale mbali na hapa, au kwenye simu, au kwa mdeni mwaminifu wa Mambasa au Kisangani. Vyeti vya watoto, karatasi za shamba na orodha ya madeni viwe na kopi nje ya Epulu. Mwaka 2012 wapo waliopoteza daftari la madeni, na pamoja nalo haki ya kudai.

HUKUMU YAKE

Sasa swali lililokuwa linangoja. Asiransi ni halali au haramu?

Jambo hili si geni kwa wanazuoni. Ibn Abidin wa Dameski, aliyefariki 1836, aliulizwa kuhusu bima ya mizigo ya meli iliyokuwa ikiuzwa na Wazungu bandarini, akaikataa. Wanazuoni wa wakati wetu waliirudia mara nyingi. Katika kikao cha Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1978, wengi waliizuia bima ya kibiashara, na Sheikh Mustafa az-Zarqa akabaki na rai yake ya kuiruhusu. Kisha Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah cha Disemba 1985, likasema kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye primu maalumu una gharar kubwa, na kwamba mbadala wake ni bima ya kusaidiana.

Gharar ni nini? Ni kuuziana kitu kisichojulikana: unatoa fedha leo bila kujua kama utapata kitu, lini, wala kiasi gani. Wakaongeza kwamba kampuni huweka fedha zako kwenye riba, na kwamba kuna harufu ya kamari pale mmoja anapofaidi kwa kukosa kwa mwingine. Lakini watu wakitoa fedha kama tabarru, sadaka ya kusaidiana, na mfuko ukawa wao wenyewe, na msimamizi akalipwa ujira wa kazi yake tu, gharar haidhuru, kwa sababu hakuna aliyemuuzia mwenziwe kitu. Hiyo ndiyo takaful. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Sudan mwaka 1979. Kwa majirani zetu, Takaful Insurance of Africa ilianza kazi Kenya 2011, na baadaye ikawafikia hata wafugaji wa Wajir, ikipima ukame kwa picha za setilaiti zinazoonyesha majani yamekauka kiasi gani, bila kumtaka mfugaji alete mzoga wa ng'ombe kuthibitisha. Jambo la ajabu, lakini linafanya kazi.

Na msifikiri ni bidaa ya leo. Waarabu walikuwa na aaqila: mtu akiua kwa kukosea, jamaa zake wote wanachanga diya, na Mtume (s.a.w.) aliukubali mpango huo.

Kwa motari wetu basi: ile inayolazimishwa na sheria, ambayo huwezi kutembea bila hiyo, wanazuoni wengi wanaihesabu kuwa dharura; lipa, na lipa kiasi kinachotakiwa. Hilo halina ubishi mkubwa. Kwa yasiyolazimishwa, inapokosekana takaful karibu nasi, kila mmoja amuulize mwalimu anayemwamini, maana hapo wanazuoni hawakukubaliana, na mimi si wa kuwafungia mjadala. Anayesema kujikinga kwa namna yoyote ni kukosa tawakkul, huyo nitamkumbusha ile hadithi ya mtu na ngamia wake, ambayo hata watoto wa madrasa wanaijua.

MFUKO WETU

Mtasema: sisi tuna likelemba. Ndugu, likelemba siyo bima. Ni akiba ya zamu. Nyumba yako ikiungua mwezi wa pili na zamu yako ni ya kumi, utangoja. Vikundi vya AVEC viko karibu zaidi na tunachokitafuta, kwa kuwa pembeni ya akiba wana kasha la msaada ambalo kila mtu hutia kidogo kila wiki na halirudishwi. Huo ndio mbegu wa takaful, bila jina lake.

Lakini mbegu huoza pia. Nimeona makasha ya namna hii yakifa, na karibu kila mara kwa sababu zilezile. Haikuandikwa ni msiba upi unalipwa, basi kila mtu ana msiba. Haikuwekwa kikomo, basi wa kwanza anachukua yote. Ufunguo mmoja, mkono mmoja. Kasha likakopeshwa kwa wakubwa wa kikundi, na siku ya jeneza lilikuwa na karatasi za madeni tu. Anayetaka kuanzisha aandike kwanza: tunalipa nini, mpaka kiasi gani, ndani ya siku ngapi, funguo tatu kwa watu watatu. Kasha likipungukiwa, wanachama wanalikopesha bila riba. Likizidi, wanaamua pamoja kama lirudishwe au libaki.

Na kuna udhaifu mmoja ambao hata kasha lenye amana safi halina dawa yake: sisi sote tunakaa mahali pamoja. Kasha la Epulu linaweza kumsaidia mmoja aliyeunguliwa. Haliwezi kuwasaidia mia kwa siku moja, kama ilivyokuwa 2012. Kwa sababu hiyo hata makampuni makubwa yanajikatia bima kwa makampuni mengine ya mbali. Nasi tungeweza kufanya kwa kadiri yetu: kasha la Epulu, la Nia-Nia, la Mambasa na la Komanda, kila moja likipeleka sehemu ndogo kwenye kasha la pamoja la Bunia, ili mji mmoja ukianguka mingine iuinue. Haihitaji fedha nyingi kuanza. Inahitaji daftari na watu wanaoaminiana kati ya mji na mji, na hilo la pili ndilo gumu.

Baada ya swala ya leo tutabaki barazani. Aliye na polisi ya pikipiki, ya butiki au ya mkopo ailete, hata iliyokwisha muda. Tutaisoma mstari kwa mstari, Kifaransa kwa Kiswahili, tukianza na ukurasa wa nyuma. Akina mama waliobaki na karatasi za marehemu waume zao nao walete, au wamtume kijana anayejua kusoma.

Wabillahi tawfiq.